Magoti ya Fundi Viatu

Kama ulikuwa na haraka, usingempelekea Fundi viatu vyako. Ungevipeleka kwa mafundi wa upande wa pili wa soko la Kikula, wanaobandika soli kwa gundi huku umesimama kwa mguu mmoja kama kuku, na wiki inayofuata unarudi na soli hiyo mkononi. Fundi wetu alikuwa akikipokea kiatu, anakigeuza tumbo juu, halafu ananyamaza. Alinyamaza muda wa kutosha mtu kununua nyanya, kugombania bei ya samaki wa chumvi na kurudi. Mimi subira sina, watoto wote waliopita darasa langu la nne watakuambia. Miaka ya kwanza nilikuwa nasimama mbele ya kibanda chake nikigonga chini kwa mguu uliobaki na kiatu, naye bila kuinua kichwa ananiambia:

"Madame, ile mukulu unagongagonga chini, njo yenye kuharibisha kilatu."

Mukulu ni mguu na kilatu ni kiatu, kwa Kiswahili chetu cha Katanga ambacho nakikataza darasani na kukitumia nyumbani. Madame ni mimi. Huku kwetu Likasi kila mwanamke anayeshika chaki ni Madame, hata awe na kitenge kilichochanika. Na yeye nilimwita Fundi, kama kila mtu, kwa miaka zaidi ya ishirini, na sioni sababu ya kumpa jina lingine leo.

Alikaa chini sana. Kigoda chake kilikuwa kipande cha gogo kilichovikwa ngozi, na ukifika unaona kwanza kofia yake nyeupe, halafu mabega, halafu magoti. Magoti ndiyo hasa. Fundi alikuwa na matege, tena si yale ya kusema "ana matege kidogo". Akisimama na kukutanisha nyayo, magoti yake yalibaki mbalimbali kama majirani waliogombana. Katikati palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ilikuwa kiwanda chake. Mafundi wengine wana jiliwa la chuma la kubania kiatu juu ya meza. Yeye aliingiza kiatu kati ya magoti, akabana, na kiatu hakikusogea hata apige nyundo kwa nguvu zote. Buti la mtu wa kiwandani lilienea pale vizuri. Kiatu cha mtoto alikizungushia kitambaa kwanza ili kijae. Mikono yote miwili ilibaki huru kwa sindano na uzi.

"Mungu alinipimaka," alikuwa akisema, akipiga magoti yake kwa kiganja. "Alinipima sawa vile fundi anapima meza."

Wavulana wa mtaa waliokuwa wakicheza mpira kando ya soko walitamani kuupitisha mpira katika lango hilo, na yeye aliwaruhusu kwa sharti moja: ukikosa, mpira ni wake. Mipira mingi ilibaki chini ya kigoda. Ijumaa baada ya swala aliirudisha yote, imeshonwa upya mahali ilipochanika, na akawatukana kidogo ili wasidhani anawapenda.

Sisi watu wazima hakutujua kwa sura. Alitujua kwa soli. Kichwa chake kilikuwa chini kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na watu walipita mbele yake kama viatu tu. "Bonjour, Mama wa dawa," anaitikia kabla hujasalimia. "Papa Directeur, leo umechelewa." Siku moja nilinunua viatu vipya, nikapita nikamsalimia kwa furaha yangu yote, akanijibu, "Bonjour, mama, karibu, unatafuta nani?" Nilikasirika juma zima. Nilipomrudia alicheka mpaka akalazimika kutoa kiatu kati ya magoti.

Na alisoma soli kama mimi ninavyosoma daftari za watoto, yaani aliona uvivu mara moja. Mimi aliniambia kwamba nabeba mkoba upande wa kuume tu, na kweli bega hilo lilikuwa linaniuma tangu Pasaka. Mkaguzi mmoja wa shule aliyejisifu kwamba huzungukia shule zote kwa miguu alimletea viatu vya miaka miwili ambavyo soli zake zilikuwa bado na maandishi ya kiwandani. Fundi alivipiga rangi, akavirudisha, na kumwomba mkaguzi asichoke.

Lakini hadithi ninayoipenda ni ya mtu aliyemletea viatu vya baba yake. Mzee alikuwa amefariki, viatu vilikuwa vya ngozi nzuri, na mtoto wake alitaka viwekewe kisigino tu ili avivae. Fundi alivigeuza, akanyamaza kimya chake kile, kisha akakataa.

"Baba yako alikuwaka anatembeya na shida ya nyonga," akamwambia. "Ukivala hii gisi iko, utatembeya na shida yake. Acha nitoshe soli yote niweke ingine, uanze mwendo yako weye."

"Mais Fundi, soli iko nzima!"

"Iko nzima juu yake, haiko juu yako. Kilatu inafwata muntu, kiisha muntu anafwata kilatu."

Hilo la mwisho, kwamba kiatu humfuata mtu halafu mtu hukifuata kiatu, nimelisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu. Nimewahi hata kuwaandikisha watoto kama imla, nikasahihisha sarufi yake kwanza.

Sitaki umdhanie mtakatifu. Alikuwa mbishi, tena mbishi wa kujipinga mwenyewe. Viatu vya plastiki alivichukia kabisa. Aliviita madumu. "Hii haiko kilatu, ni bidon ya mafuta," alimwambia mteja mbele ya watu, akavirudisha. Mvua zikianza, watoto wa shule wakija na madumu hayo yamepasuka, alikuwa anapasha moto kipande cha chuma na kuyaunganisha kimyakimya, huku amegeukia ukutani kama mtu anayefanya jambo la aibu. Alikuwa Mwislamu wa kufunga na kuswali, lakini kila mwaka kabla ya Komunyo ya kwanza viatu vyeupe vya parokia nzima vilipangwa mbele ya kibanda chake. Vile vya watoto wasio na baba alivifanya kwanza, na asubuhi ya Misa alisimama nje ya geti la kanisa kuangalia vikipita. Padri alipomwalika aingie akasema atakaa palepale, kwa sababu ndani watu wamekaa na viatu havionekani.

Na mtu huyu mkweli, aliyemwambia kila mtu ukweli wa miguu yake, alikuwa mwongo mkubwa kuhusu miguu yake mwenyewe.

Matege yanaponda kisigino upande wa nje. Hilo nilijifunza kwake. Viatu vya Fundi vilipaswa kulika upande huo vibaya sana, lakini havikuonekana hivyo kamwe. Ilinichukua miaka kugundua kwa nini: kila Jumapili alivikarabati mwenyewe, akipigilia kipande kigumu cha tairi kwenye ukingo wa nje wa kisigino, kila mara kinene zaidi ya kile cha kwanza. Mtu aliyesoma soli za mji mzima hakutaka soli zake zisomwe. Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu alijiganga, lakini kwa kuficha.

Goti la kuume lilianza kumwuma zamani, naye akasema ni baridi. Kiangazi kikaja, akasema ni vumbi. Baadaye alikuwa anaswali ameketi kwenye kiti, na tulipomuuliza akasema kiti ni kipya anakizoesha. Kutoka nyumbani kwake mpaka sokoni kuna mteremko, na Likasi mteremko wa asubuhi ni mlima wa jioni. Akawa anaupanda ameshika bega la mke wake. Mama Fundi anauza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, ni mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na macho yanayoona yote. Alibeba beseni la samaki kichwani na mume wake begani, na hakulalamika hata siku moja.

Ni yeye aliyekuja shuleni kunitafuta saa ya mapumziko. Daktari wa mifupa alikuwa amefika hospitalini kutoka Lubumbashi kwa majuma mawili, na Mama Fundi alikuwa amekwisha kumwandikisha mume wake.

"Madame, tunakuomba uende naye," aliniambia. "Uandike yote docteur atasema. Huyu atasahabu, tena atasahabu na makusudi."

Nikaenda na daftari. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu, asiye na haraka. Alimwangalia Fundi akitembea ukumbini, akampeleka kupigwa picha ya miguu yote miwili akiwa amesimama, halafu akaiweka picha hiyo dirishani na kuweka rula juu yake. Nilichoandika ni hiki. Ndani ya goti kila mfupa umefunikwa gegedu, kitu laini kinachozuia mifupa isisuguane. La Fundi lilikuwa limelika upande wa ndani tu, kwa sababu matege yalisukuma uzito wote upande huo. Upande wa nje ulikuwa mzima. Kwa hiyo daktari angekata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, bila kuumaliza, aufungue kidogo, aushikilie kwa bamba la chuma na skrubu, na mfupa ungejaza pengo hilo wenyewe. Mguu ungenyooka, uzito ungehamia upande mzima, na goti lingebaki lake mwenyewe. Umri wake ulikuwa bado unaruhusu. Akingoja mpaka upande wa pili nao ulike, hapo ingebidi kutafuta goti la bandia. Mguu wa kuume kwanza, wa kushoto baadaye.

Fundi alisikiliza kama mtu wa kazi anayemsikiliza mtu wa kazi.

"Unakata paka upande ya ndani?"

"Ndiyo, Papa. Ya inje naachaka kiloko, inashikilia." Paka kwetu ni "tu", si mnyama, na kiloko ni kidogo.

"Njo vile. Minye pia sikatake soli mpaka mwisho." Akaikaribia picha. "Na ile nafasi, haujaze na kitu?"

"Mufupa itajaza yenyewe. Inaomba wakati."

"Bon." Alikuwa ameridhika, nilimwona. Mimi nikafunga daftari nikidhani tumemaliza. Ndipo akauliza, "Na magoti? Itakutana?"

Daktari alidhani anapewa nafasi ya kutoa habari njema. "Tukiisha kufanya mikulu yote mbili, itakutana muzuri kabisa. Utasimama droit, sawa soda!"

Soda ni askari. Fundi akavaa kofia yake, akamshukuru daktari kwa Kifaransa, akatoka. Nilimkuta nje anashuka ngazi kwa upande, akishikilia ukuta.

"Fundi, unaenda wapi? Docteur hayaisha kusema."

"Ameisha. Anataka kufunga kazi yangu." Aligeuka na nikaona kwamba hakuwa na mzaha. "Madame, magoti ikikutana, kilatu nitakamata na nini? Na meno?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi tuliona mgonjwa mwenye matege. Yeye alijiona chombo kilichotengenezwa sawasawa kwa kazi moja, na mtu mwenye shahada alitaka kukinyoosha kisifae tena. Nilikuwa na hasira tu, nayo ndiyo niliyoitumia kwa miezi iliyofuata. Kila nilipopita nilimwambia jambo. Nilimwambia anunue meza. Akasema mikono yake haiijui meza, tangu ajue kazi hajawahi kupiga msumari bila kuusikia ndani ya mfupa. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Minye nilisikia la mukubwa," akanijibu. "Na ni yeye mukubwa anataka kuvunja mukulu."

Soko zima lilicheka, na mimi nikacheka, nikamwacha.

Kilichombadilisha hakikuwa maneno. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mimi nikingoja viatu vya binti yangu. Mama Fundi alifika na sahani ya bukari, ugali wetu wa huku, iliyofunikwa, na hatua mbili kabla ya kibanda ukanda wa ndala yake ukakatika. Akaiokota, akamtupia mapajani.

"Minye pia niko client," akasema.

Nadhani katika miaka yao yote alikuwa hajawahi kumletea kiatu. Ndala zake alizifunga kwa waya mwenyewe. Fundi aliibana kati ya magoti, akaigeuza ili aanze. Akanyamaza. Nilijua kimya chake, lakini hiki kilikuwa kirefu zaidi, na mkono wenye sindano ulibaki hewani.

"Leta na ya kuume," akasema.

Mama akavua na ya pili, akabaki peku juu ya mavumbi. Fundi akaziweka pamoja, soli juu. Ya kuume ilikuwa bado na michoro yake chini, maua madogo ya kiwandani. Ya kushoto ilikuwa imelika mpaka inapitisha mwanga, upande mmoja, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mama, unabebaka nini ku bega ya kushoto?"

"Weye," akasema Mama Fundi. "Minye nabebaka nini ingine?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama unavyomtajia mtu siku ya juma. Fundi aliinamisha kichwa akashona ule ukanda, mishono mingi kuliko iliyohitajika. Alipomaliza alipangusa macho kwa kiwiko, na mimi nikajifanya naangalia barabara, nikaona si haki, nikamwangalia. Alikuwa analia.

"Niko nakupindisha," akamwambia mke wake. "Niko naona batu bote, na weye sikuona." Kisha akaniuliza mimi, "Madame, ile docteur atarudia siku gani?"

Siku ya upasuaji tulikaa nje kwenye benchi, Mama Fundi na tasbihi yake, mimi na rozari yangu. Tuliulizana mara moja tu nani yuko kwenye shanga ya ngapi, ili kuua wakati. Daktari alipotoka akiwa bado amevaa kofia ya kijani, akasema mfupa ulifunguka vizuri, bamba limekaa, na mgonjwa ameuliza tayari skrubu ni ngapi. Mama Fundi alisimama, akaketi tena, na kunishika mkono mpaka pete yangu ikaniumiza.

Mwezi mmoja na nusu alitembea na magongo bila kukanyaga. Usidhani alipumzika. Siku ya tatu aliona kwamba mipira ya chini ya magongo ni dhaifu, akaitoa na kuweka ya tairi, na kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani alikuwa amefanyia hivyo magongo ya wodi nzima. Muuguzi alilalamika, kisha akaleta viatu vyake. Mazoezi ya kukunja goti aliyafanya akihesabu kwa sauti, na akifika sita anaruka kwenda tisa. Nilimkamata. Mwalimu huwezi kumdanganya kwa hesabu.

Kisha jambo likaharibika. Magongo yaliondolewa, picha mpya ikaonyesha mfupa umejaza, na daktari, aliyekuwa amerudi tena kwa majuma yake mawili, akafurahi. Lakini Fundi alichechemea. Na sasa maumivu yalikuwa upande wa nje wa goti, ule uliokuwa mzima. Alirudi hospitalini mara mbili, akavua viatu mlangoni kwa adabu kama alivyozoea, akatembea peku mbele ya daktari, na daktari hakuona kosa. Nyumbani akaanza kusema maneno mabaya.

"Balinikatia bure," aliniambia nilipokwenda kumtembelea. "Zamani nilikuwa na mukulu mubaya na kazi. Leo niko na mukulu mubaya paka yenyewe."

Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo, na niliogopa, kwa sababu mimi ndiye niliyemsukuma. Niliaga. Pale mlangoni, nikiinama kuchukua viatu vyangu, vya kwake vilikuwa kando. Sijui ni nini kilinifanya nigeuze cha kuume. Labda ni miaka ile yote ya kungoja nikimwangalia. Kwenye kisigino, ukingo wa nje, kilikuwepo kile kipande cha tairi, kinene kama kidole. Mguu ulikuwa umenyooshwa, na kiatu kilikuwa bado kinatembea na matege.

Nilirudi ndani nacho, bila kuvaa vyangu.

"Fundi, hii nini?"

"Kilatu yangu."

"Kilatu ya mukulu gani? Ya leo ao ya zamani?"

Alikitazama. Nikamwambia kwa sauti yangu ya darasani, ile inayofika mpaka dirisha la nyuma, "Kilatu inafwata muntu, kiisha nini? Malizia!"

"Ee Mungu wangu," akasema Fundi. Akajifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika, na mimi nilichelewa kutambua kwamba anacheka. Mama Fundi aliingia kutoka jikoni akatukuta hivyo, mimi na kiatu mkononi kama fimbo, yeye akipangusa machozi. Nilipomweleza hakucheka. Alikwenda kuleta nyundo na koleo, akaviweka mbele ya mume wake. Kile kipande kiling'olewa palepale. Kabla ya mwisho wa mwezi alikuwa anashuka mteremko mbele ya mke wake, akimwambia ajitahidi.

Kazi ndiyo ilikuwa ngumu. Goti moja limenyooka na moja bado limepinda, nafasi ilibaki nusu, na kiatu kiliponyoka kila alipopiga. Nilimwona akijigonga kidole gumba mara tatu asubuhi moja, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikosa msumari. Wateja wengine walihamia ng'ambo ya soko. Alijaribu kitambaa, akajaribu mto. Mwishowe alikata mpira wa ndani wa gurudumu, akaufanya mkanda unaopita juu ya paja na kuzunguka chini ya unyayo, ukikikandamiza kiatu juu ya paja, na goti la kushoto lililopinda likikizuia kwa pembeni. Kilikaa. Hakikukaa kama zamani, na yeye hakusema kwamba kinakaa kama zamani. Alifanya kiatu kimoja kwa muda wa viwili. Sisi tulingoja. Mimi nilijifunza kuleta daftari za kusahihisha.

Mwezi uliopita nilipita na jozi mbili. Mama Fundi alikuwa ameketi nyuma ya kibanda akichagua samaki. Fundi alipotaka kusimama anisalimie, niliona anauinua mguu wa kushoto kwa mikono, kama mzigo. Nikajua. Nikamuuliza moja kwa moja kama daktari atarudi.

"Anarudia," akasema. "Minye siende."

"Fundi, tusianze tena."

"Sikiya, Madame. Siko na woga, niliisha kuona." Akagonga goti la kuume. "Hii ni ya Mama. Ni sababu yake nilikatwa, na leo siwekake tena mukono ku bega yake. Nilimulipa." Kisha akaweka kiganja juu ya lile la kushoto, taratibu, kama mtu anayetuliza mbuzi. "Hii njo ya kazi. Nafasi yenye ilibakia ni hii tu. Hii ikinyoka, imeisha. Muniachie moja."

Nilimwelewa. Ukiniambia nitaacha kusimama mbele ya ubao ili nipone kitu chochote, nami nitatafuta kona ya kujifichia. Nilimpenda sana mtu huyu wakati ule, na sikujua nimsukume ama nimwache.

Nyuma yetu Mama Fundi aliweka samaki chini. Alijifuta mikono kwa kitenge, akafungua fundo la kiunoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya hospitali. Jina lilikuwa limeandikwa tayari, na mguu pia, na chini mahali pa kutia sahihi palikuwa wazi. Akaitandaza juu ya kiatu kilichokuwa pajani mwa mume wake.

"Minye niliolewaka na muntu ya mikulu mbili," akasema.

Akarudi kwenye samaki wake. Fundi aliinamisha kichwa juu ya ile karatasi, akanyamaza. Watu wawili walifika, wakaona hali, wakangoja. Mimi pia nilingoja, na mguu wangu haukugonga chini. Mwishowe akalegeza ule mkanda wa mpira, akaweka kiatu kando, akaninyooshea mkono bila kuniangalia na kuniomba kalamu.